Ananiuliza "Amelala?" Nami Najibu Bila Kutazama

Dada mshauri, salamu nyingi. Huwa nakusoma nikiwa nimeketi karakanani namsubiri mume wangu amalize kazi, na mara nyingi nimewacheka wanaokuandikia, nikisema huyu naye si angemwambia tu mwenzake yakaisha, na leo kicheko kimenirudia mwenyewe, maana nina neno la kumwambia mume wangu na mdomo umekataa kufunguka.

Mume wangu ni fundi wa mashine za gemu za zamani, yale makabati marefu ya kutumbukiza sarafu yaliyokuwa yakijaa kwenye kumbi tulipokuwa vijana, yenye kioo cha chogo kama televisheni za enzi zile, vifungo vya rangi na kijiti cha kuendeshea. Watu wanayaokota kwenye maghala yakiwa yameliwa na mchwa na kutu, wanamletea, naye mbao anaziba, bodi anasafisha, vifungo anabadilisha, mpaka siku linawaka na kuimba ule wimbo wake wa kukaribisha, na unamwona mtu mzima mwenye mvi amesimama mbele yake machozi yanamlenga. Mtaani wanamwita Mfufuaji, wengine kwa utani, wengine kwa heshima. Hata mimi alinipata ukumbini, alinikuta nacheza akasimama nyuma yangu kusubiri nishindwe apate zamu, nikakataa kushindwa mpaka akachoka akaenda kuninunulia soda.

Sasa dada, mkono wake wa kulia umeanza kutetemeka. Ulianza kwenye kikombe cha chai, nikanyamaza, ukaja kwenye kufunga vifungo vya shati, nikanyamaza, mpaka ukafika kwenye kulehemu, na hapo ndipo penye kazi yake. Kama hujui, kulehemu ni kuyeyusha risasi kwa chuma cha moto ili miguu ya vifaa ishike kwenye bodi, na ungio zuri linang'aa kama tone la maji, lakini baya linakuwa bonge na baada ya siku chache linaachia. Niliona mabonge kwenye bodi ya mteja. Kazi hiyo mume wangu alinifundisha mwenyewe watoto wakiwa wadogo, nilikuwa nalehemu redio zetu za nyumbani, ila kazi ya mteja hakuwahi kunipa, alikuwa akisema mteja ameleta kwa mkono wangu, atachukua mkono wangu. Basi asubuhi alipotoka kunyoosha miguu nikakaa kwenye kiti chake, nikayayeyusha yale mabonge, nikayalehemu upya moja moja, nikarudisha kila kitu mahali pake kabla hajarudi, na tangu siku hiyo nimekuwa nikifanya hivyo kwa kila mashine.

Ana desturi yake, mashine haiondoki mpaka yeye mwenyewe aicheze mchezo mmoja mzima, na akimaliza anageuka ananiambia, "Mama, mkono bado upo." Nami namjibu, "Upo, mzee wangu." Nikishajibu hivyo natafuta kisingizio cha kwenda uani, kwa sababu uso wangu haujui kudanganya kama mdomo. Juzi juzi mwenye hoteli mmoja alikuja kuchukua kabati lake la mbio za magari, akaangalia bodi akasema, "Mzee, mkono wako haujachuja hata kidogo." Nilidhani mume wangu atafurahi. Aliutazama mkono wake kwa muda, akauingiza mfukoni, akasema asante.

Na mambo mengine pia yanamwendea ovyo, naona ni uzee. Yeye ni mrefu na mimi ni kifupi cha kupandia ngazi, lakini siku hizi nakuta kile kiti chake cha kuzunguka kimeshushwa mpaka chini, anasahau kukipandisha. Taa nayo anaiacha imeinamishwa chini. Chuma cha kulehemu, ambacho maisha yake yote alikuwa akikiacha kimeungua ncha nyeusi mpaka namgombeza, siku hizi nakikuta kimefutwa, ncha imepakwa risasi mpya, sponji la kuifutia lina maji. Najiambia mtu akizeeka hubadilika tabia.

Jioni tuna starehe yetu. Tunayo kompyuta ya nyumbani ya zamani sana, kibodi nene kama tofali, unaiunganisha na televisheni na gemu yenyewe iko kwenye kanda, unaweka kanda kwenye redio kaseti halafu unasubiri ilie, na ikilia ni makelele matupu, majirani walishazoea. Wakati inalia ndipo tunapoongea mambo ya siku, na ikishaingia tunacheza zamu kwa zamu. Miaka yote nilikuwa namshinda, si kidogo. Sasa mkono haumpi, anaangukia shimoni mwanzo mwanzo, basi na mimi nikaanza kujiangusha mashimoni ili asijisikie vibaya. Juzi akaniwekea kijiti mapajani akasema, "Mama, siku hizi unashindwa vizuri sana," akaenda kulala mapema. Sikuelewa kama ni utani.

Sasa sikiliza kilichonifanya nikuandikie. Ndani ya makabati haya kile kioo cha chogo ni hatari, ukichomoa plagi bado kinabaki na umeme uliojificha, wa kumtupa mtu ukutani au kumsimamisha moyo. Mume wangu anakiita mnyama. Kabla ya kukigusa lazima utoe ule umeme, unafunga waya kwenye fremu ya chuma na kwenye bisibisi yenye mpini mnene, unaiingiza taratibu chini ya kile kifuniko cha mpira kilichoshika kioo, unasikia mlio mdogo, basi. Tangu tuoane ana kawaida ya kuniuliza kwa sauti, "Amelala?" nami natazama, nikiona kazi imefanyika najibu, "Amelala." Bila jibu langu hagusi. Wiki iliyopita alikuwa amelifungua nyuma kabati la ndege za vita, akauliza, "Amelala?" nikajibu, "Amelala." Sikutazama, dada. Nilikuwa namenya viazi. Nilipoinua macho bisibisi na waya wake ilikuwa bado inaning'inia ukutani kwenye msumari, na mkono wake, ule ule unaotetemeka, ulikuwa karibu na kile kifuniko cha mpira. Nikapiga ukelele mpaka kisu kikaanguka. Akasimama. Akaniangalia, akaurudisha mkono kifuani. Akafunika kabati kwa shuka na mpaka leo limefunikwa, na Jumatatu mwenye kabati anakuja kuliona limefikia wapi.

Kijana wetu mkubwa anasema baba apumzike, makabati yauzwe, karakana ipangishwe. Namjua mume wangu, ukimfungia karakana umemfungia pumzi. Nikimwambia ukweli kwamba kazi ninafanya mimi nitamvunja, na nikinyamaza iko siku nitakuja kumwokota sakafuni. Nisaidie, dada, kwa sababu usingizi umenipotea na kila nikisikia neno "amelala" moyo unaniruka.

Mke wa Mfufuaji

JIBU

Mke wa Mfufuaji, nimeisoma barua yako mara mbili, ya kwanza kwa huruma na ya pili kwa hasira, na nitakujibu kwa zote mbili.

Huruma yangu ni hii. Unampenda mtu huyo sana, na mapenzi ya kukaa kwenye kiti cha mwenzako kila asubuhi na kurekebisha alichokosea bila kudai shukrani si ya kila mtu. Ninao wasomaji ambao mume akitetemeka mkono, wao wangetetemesha ndoa.

Hasira yangu ni hii. Hukujibu "amelala" kwa sababu ya viazi. Viazi umemenya miaka yote na siku zote ulikuwa ukiinua macho. Ulijibu bila kutazama kwa sababu umeshajizoeza kumwambia ndiyo. Mkono upo? Ndiyo. Kazi nzuri? Ndiyo. Umenishinda? Ndiyo. Ulimi ukishazoea kubembeleza hauchagui tena pa kubembeleza na pa kusema kweli, na siku ile nusura umuue mumeo kwa upole. Samahani kwa neno hilo, lakini umelala nalo wiki nzima wewe mwenyewe, mimi nimelitoa tu nje.

Sasa kuhusu huo uzee wa mambo yanayomwendea ovyo. Mama, hebu soma barua yako kama vile ameandika mtu mwingine. Mtu mrefu anashusha kiti mpaka kimo cha mtu mfupi. Anainamisha taa. Chuma alichokuwa akikiacha kichafu sasa anakiacha kisafi, ncha imepakwa risasi, sponji limeloweshwa, yaani kiko tayari kwa mkono utakaokuja asubuhi. Mwenye hoteli anausifu mkono wake, naye anauficha mfukoni. Halafu anakwambia unashindwa vizuri sana! Mimi sijaingia karakana yenu na siwezi kuapa, lakini kama huyo hajui, basi mimi si mshauri, nirudi nikauze vitumbua. Mumeo anajua. Anajua na kila jioni anakuandalia kiti. Yeye anaficha kwamba anajua, wewe unaficha kwamba unafanya, na mnaviziana ndani ya nyumba moja kama wachumba walioshikwa na haya. Unaogopa kumvunja kwa habari ambayo ameshaibeba peke yake miezi yote hii.

Peke yake, mama. Hapo ndipo nilipoumia.

Nilimwendea fundi wa televisheni jirani na ofisi yetu, mtu mnene anayecheka hata akikanyagwa, nikamweleza habari ya kioo na mkono unaotetemeka. Hakucheka. Alisema, "Mwambie huyo mama, asiye na mkono imara asikiguse kile kitu hata awe amekitengeneza maisha yake yote." Kwa hiyo hili halina mjadala: lile kabati lisifunuliwe shuka mpaka mmeongea, na mwenye kabati akija Jumatatu mwambieni asubiri. Lilikaa ghalani miaka, wiki moja haitalitia kutu.

Kuongea kwenyewe, usianze na mkono wake. Ukianza na mkono wake utakuwa umemhukumu. Anza na kosa lako. Mwambie, "Mzee wangu, siku ile nilikujibu bila kutazama, nisamehe." Unyamaze hapo, umwache. Mwanamume aliyekuwekea maji kwenye sponji atakuja mwenyewe kwenye yaliyobaki. Akija, usikane na usipunguze. Akikuuliza, "Ni wewe uliyelehemu ile ya mwenye hoteli?" sema ni mimi. Akilia, mwache alie, hata fundi hulia. Akikukasirikia, vumilia, maana na wewe ulimnyima nafasi ya kukuomba msaada.

Kisha mbadilishane kazi. Kuanzia sasa wa kumlaza huyo mnyama ni wewe, kwa mkono wako, bisibisi na waya mnene, naye asimame kando akuelekeze, akitazama kwa macho yake yote mawili. Atauliza "Amelala?" kama zamani, ila safari hii utamjibu ukiwa umeishika hiyo bisibisi mwenyewe. Kulehemu ulehemu wewe mchana kweupe, yeye asome bodi, atafute ugonjwa, akwambie gusa hapa, acha pale. Kujua kilichoharibika ndiyo ufundi wenyewe, na hilo halitetemeki. Wateja nao waambieni kazi ya karakana hii sasa ni ya mikono ya watu wawili. Atakayekataa achukue kabati lake na mchwa wake.

Hospitali mwende wiki hii, wote wawili. Umeniandikia barua ndefu, umeniambia habari za kanda, za sponji, za viazi, na sikuona mahali popote neno daktari. Mkono unatetemeka kwa sababu nyingi, nyingine zina dawa, na wewe umeshauita uzee ukaufunika shuka. Usimlinde mtu na daktari.

Kijana wenu mpeni shikamoo yake na jibu lake: baba hapumziki, baba amepata msaidizi. Akitaka kusaidia aje abebe makabati, ni mazito.

Na mchezo wa kwanza wa kila mashine aendelee kuucheza yeye, hata akishindwa mapema. Akigeuka kukwambia mkono bado upo, usikimbilie uani. Mwambie upo, na wa kwangu upo.

Sasa lililobaki ni dogo, lakini kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Jioni ya siku mtakayoongea, weka kanda. Keti karibu naye wakati inalia, msikilizane kwenye yale makelele kama mlivyozoea. Gemu ikiingia, mpe kijiti acheze zamu yake, aanguke anapoanguka. Ukifika zamu yako, usijiangushe popote. Ruka kila shimo, mshinde vibaya, mshinde kama ulivyomshinda siku ile alipokwenda kununua soda. Ndipo atajua kwamba mkewe amemrudia.