Bati Zimesalimika

Misugusugu, Kibaha

Kwa Mama yangu mpenzi,

Shikamoo Mama. Vipi mguu wako, na wote hapo Kurui mnaendeleaje? Sisi huku tu wazima, mimi na mjukuu wako Zuwena, ila mafua hayajatuacha, na aliyetuletea mafua ni mkweo Mwishehe.

Redioni walitangaza kimbunga kinakuja, watu wakae ndani. Mwishehe akasikiliza yote, akapanda juu ya paa na nyundo. Nikadhani anaongeza misumari. Mama, alikuwa anaezua. Nilipomuuliza kulikoni, akasema kimbunga kinabeba bati, kwa hiyo zake kisizikute. Bati zote ulizotununulia kwa korosho zako akazipanga chini ya kitanda, juu akatandaza turubai, akaridhika kabisa. Jirani yetu Aneth akasimama uani akamuuliza kama na kuta atazivua.

Upepo wenyewe huku ulipita kama wa siku zote. Mvua ndiyo ilikuja, tena kama imetumwa. Turubai likajaa maji, likachanika, na unajua nyumba yetu ni ya tofali mbichi. Ukuta wa chumbani ukalegea kama uji, wa uani ukaufuata. Mungu alitunusuru, tulikuwa tumehamia kwa Aneth. Tuliporudi, Mwishehe akainama chini ya kitanda, akaniambia si unaona, bati zimesalimika. Mama, ningefungua mdomo ungenisikia hadi huko.

Kumbe Mafia kwa mama yake, Bi Hajra, kimbunga kilifika chenyewe. Minazi imelala, na paa lake limeondoka lote, halijulikani hata lilikoangukia. Yeye ana kuta hana bati, sisi tuna bati hatuna kuta. Mwishehe akawa ananitazama tu, nami nikamwambia asithubutu kulitamka. Wiki nzima tukawa tunasemezana kwa kupitia mtoto.

Sasa Mama, kaa chini usome taratibu. Sikukupigia simu kwa sababu ungenikatia. Bati zako zimekwenda Mafia. Nimezitoa mimi, si Mwishehe. Najua alichokufanyia Bi Hajra siku ya harusi yangu, kurudisha sinia ya pilau mbele za watu na kusema Kurui hawajui kupika. Najua uliapa hatagusa tena kitu chako. Lakini alipiga simu, analala kwa watu, na hakuomba chochote. Aliuliza tu kama Zuwena bado anakohoa. Nikashindwa, Mama. Nilipomwambia zimetoka kwako, alinifanya nirudie mara mbili, kisha akasema nikufikishie salamu.

Mwishehe anafyatua tofali, safari hii za kuchoma, na majirani hawamwachi kumuuliza habari za paa, kwa hiyo anafanya kazi kwa hasira na nyumba itasimama tu. Mimi na Zuwena tunakuja Ijumaa, tukae kwako mpaka kuta zinyanyuke.

Nisalimie kaka Halidi na mkewe, na wote wanaoniulizia.

Ukitaka kunigombeza Mama, nigombeze nikishaingia ndani. Usinianzie mlangoni, nitakuwa na mtoto mgongoni.

Ni mimi mwanao,
Mwamini