Kumsemea Maxwell

Kangemi,
Jumapili jioni.

Mama mpendwa,

Bwana asifiwe. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, magoti yametulia na mvua imefika Yala. Baba je, kikohozi kimemwacha? Mimi ni mzima, ila baridi ya Nairobi mwezi huu haina adabu.

Najua utauliza kwa nini naandika na simu ninayo. Kwenye simu utalia, nami nitalia, na la maana halitasemwa. Uliniomba nimkataze Maxwell kuja Nairobi. Ulisema kazi yangu ni kuwashauri watu wenye ulemavu kuhusu kazi, kwa hivyo ndugu yangu atanitii, na kwamba kiziwi peke yake mjini atapotea. Kabla sijakujibu, wacha nikusimulie kisa.

Kuna mama wa Uthiru aliyekuja ofisini kwetu, karibu na Adams Arcade, na bintiye Waringa asiyesikia tangu utotoni. Nilimuuliza Waringa kwa ishara anataka kazi gani, mamake akajibu. Nikauliza tena, mamake akajibu. Msichana akabaki kutazama dari. Sisi tuna desturi ya kumwomba mzazi akanywe chai nje kwanza, na huyu, jamani, aliinywa akiwa amesimama mlangoni. Hata hivyo Waringa alipata nafasi ya kuniambia kwa mikono yake kwamba anataka kunyoa. Mamake akashika kichwa: mteja akisema punguza huku, nani atasikia? Waringa akajibu kwamba pale mteja na kinyozi hutazamana kwenye kioo, na kidole kinatosha.

Odhiambo, mwenye duka la kinyozi hapa Kangemi, akakubali kumjaribu. Siku ya kwanza mama huyo akaja akasimama nyuma ya kiti. Mteja akionyesha kwa kidole, yeye anauliza kwa sauti anataka mtindo gani. Mzee Masila, kiongozi wa kwaya, akageuza kichwa amjibu kwa heshima, mashine ikapita. Mama, barabara ilichorwa kutoka sikioni mpaka utosini! Ikabidi anyolewe kichwa chote, na Jumapili akaongoza kwaya na kipara. Nilicheka mpaka nikaona haya.

Waringa akaweka mashine chini, akijua amefukuzwa. Lakini Odhiambo alimgeukia mama, si binti, akamwomba kwa upole aende nyumbani.

Mama huyo alikuja moja kwa moja ofisini kwangu, akalia. Akaniuliza, "Nikiacha kumsemea, mimi nitakuwa nani?" Nilimshika mkono tu, maana nilikuona wewe, ukimsemea Maxwell zahanati, shuleni, sokoni, mpaka sauti ikakauka. Bila mdomo wako asingefika popote. Nalijua hilo, naye analijua. Waringa sasa ana wateja wanaomngoja hata viti vingine vikiwa wazi, na mamake huja kumwona jioni wakati wa kufunga.

Sasa niseme lililonifanya niandike. Maxwell ameshapata nafasi. Mimi sikumtafutia, aliomba mwenyewe kwenye karakana moja ya useremala huku Uthiru, wakamkubali. Anakuja Jumamosi ya wiki ijayo, Mama, na ameomba usimsindikize. Amenituma mimi nikuambie kwa sababu anaogopa kukutazama machoni. Alijirekodi kwenye simu akaniambia kwa ishara, nami naziandika jinsi zilivyo: "Mama hujua habari zangu zote kabla sijazisema. Nataka siku moja nirudi nyumbani na habari asizozijua."

Nililia, sitakuficha. Nakuomba umpigie pasi shati lake jeupe, umwombee, kisha umwache aende. Nitampokea mimi stendi, na hapa chumbani kwangu nimeshamwekea godoro.

Nisalimie Baba, na akina mama wote wa kanisani. Mungu akutunze, nakupenda sana. Na Maxwell akirudi Krismasi, tafadhali Mama, usimuulize kitu. Keti, umtazame mikono, akusimulie.

Ni mimi bintiyo,
Peres.