Figo ya Kulia ya Dada Maisara

Kibokoni, Jumanne

Mama yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Ami Aidarus anasafiri leo, atakuletea barua hii na achari ya Bibi. Sisi tu wazima, ila Dada Maisara amelazwa. Alinikataza nisikwambie.

Jana alishikwa na maumivu ya kiuno. Bibi akasema ni mimba tu. Daktari akahofia jiwe limeziba figo, na kwa ajili ya mtoto tumboni hakutaka eksirei, akampima kwa altrasaundi ya dopla, inayoonyesha mkojo ukiruka kibofuni kama cheche nyekundu. Hatukuona cheche, kulia wala kushoto. Daktari akashangaa.

"Maji niliyokupa umekunywa? Bila maji cheche hazionekani."

Dada akanitazama. Alikuwa amefunga, siku ya tano katika sita za sunna za Mfunguo Mosi, na chupa alinipa niifiche mkobani.

Nikaitoa. "Amefunga, daktari."

"Kimbelembele wewe!" dada akasema. Akanywa huku akilia. Baadaye upande wa kushoto kukaruka cheche, lakini upande wa kulia hakuna; ndiko jiwe lilikoziba. Kesho watamtia mrija, mkojo upite.

Hasemi nami. Sijui kama nilimsaliti, Mama. Yeye ndiye aliyenifundisha kusema kweli. Akikupigia simu, usimgombeze. Muulize tu kama naweza kumpelekea uji mimi mwenyewe.

Mwanao akupendaye,
Swafia