Rwamba Wawili, Boma Moja

Jumamosi, Siakago. Mvua ya kwanza imeshuka na bati linapiga kelele. Afadhali.

Hili sijamwambia mtu yeyote: Rwamba hakudanganya. Aliyedanganya ni mimi.

Kanisa liliniomba niunganishe orodha mbili za watu wa kupewa mbegu za ndengu, yao na ya chifu. Mimi ndiye mtoto wa kompyuta. Mwanzoni nilifurahia. Huku wameandika "Shule ya Msingi", kule "Primary", huku "S.L.P.", kule "Box". Nikaionyesha kompyuta kwamba hayo ni mamoja, nayo ikaanza kunitolea watu walioandikwa mara mbili.

Akatokea Rwamba Nyaga. Jina moja, boma moja, nyuma ya shule.

Katekista alikuwa ameniambia, ukiwa na shaka piga simu. Lakini mimi nikimpigia mtu mzima hata salamu nasahau. Nikafuta mmoja.

Na shaka yenyewe ilikuwa ya nini? Marehemu Nyaga alikuwa na wake wawili, na kila mmoja alimpa binti yake wa kwanza jina la mama ya mume, kama desturi. Rwamba wa nyumba kubwa, Rwamba wa nyumba ndogo. Nawajua wote.

Leo wa nyumba kubwa alichukua mfuko wake akaenda. Wa nyumba ndogo alipofika, Mama, ambaye ndiye aligawa, akaangalia karatasi.

"Rwamba hapa ni mmoja. Mgawane huko nyumbani."

Tangu wamzike baba yao, nyumba hizo mbili hazijaombana hata chumvi.

"Lakini nilijiandikisha, Mama Igoki."

"Labda wewe ni fotokopi," kijana mmoja akasema kwenye foleni. Watu wakacheka.

Rwamba akanigeukia. "Igoki, si ni wewe uliandika? Niangalilie, mami."

Nikasema sijui.

Aliniambia asante. Akaenda na gunia lake tupu kichwani, akijikinga manyunyu.

Mifuko iliyobaki iko hapa sebuleni, Jumatatu inarudishwa Embu. Shamba lake liko tayari, nimeliona, limelimwa hadi kwa ua. Ndengu haingoji mtu. Kipi kizito zaidi, aibu yangu au chakula chake?

Nasikia Mama kwa veranda, anakung'uta matope ya viatu. Kwa kawaida sasa ningegeuza simu hii ninayoandikia kifudifudi, asisome.

Naiacha ikiwaka, imeelekea mlangoni.