Gundi Haikuwa na Kosa

Nyumba ya uani,
Nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Tarehe 9 Juni

Mpendwa Mama Mkubwa,

Shikamoo. Habari za huko? Na ule mguu wako uliokuwa unavimba, umepungua? Sisi huku tunapumua, zaidi ya hapo siwezi kusema. Tangu tumzike mama nyumba imekuwa kubwa. Baba anakula kidogo. Mimi bado niko kwenye kuziba pancha, mikono haiishi kunuka mpira.

Nakuandikia kwa sababu ya mdogo wangu, Kasuku wako. Siku hizi haongei, mpaka hilo jina tunaona haya kumwita.

Unakumbuka mama alivyohangaika mpaka mtoto akafungwa waya za meno, kwa ajili ya lile jino la juu lililompanda mwenzake, kama la mama mwenyewe. Mama alichekwa sana utotoni kwa jino lile, wewe dada yake ndiye unayejua. Alipozidiwa alimwambia baba, "Meno ya mtoto usiyaache njiani." Baba amelishika neno hilo kama kiapo.

Sasa baada ya msiba, vile vibati vinavyobandikwa kwenye meno kushika waya vikaanza kubanduka. Leo hiki, kesho kile. Mimi ndiye ninayempeleka kliniki. Daktari wa meno ni mama mmoja mcheshi. Kwanza anapaka dawa ya kukwaruza jino, anaosha, anakausha kwa upepo, ndipo anatia gundi na kuimulika kwa taa ya bluu. Nikamwambia kwa aibu kwamba na sisi kwenye tairi tunakwaruza na kukausha kwanza. Akacheka, "Haya fundi mwenzangu, niambie basi, gundi yangu ina nini?"

Akabadilisha gundi, akaweka inayoshika zaidi. Ila akasema ya meno haitakiwi ishike kupita kiasi, maana siku ya kuvitoa inaweza kuondoka na ganda la jino. Vikabanduka tena.

Jibu nililikuta jikoni kwetu. Kasuku ameingiza mpini wa kijiko chini ya kibati, anakikwanyua huku machozi yanamtoka.

"Usimwambie baba."

"Sasa unajiumiza kwa nini?"

"Linaondoka, Kaka. Kila nikijitazama naona limesogea. Likishanyooka, mama nitamwona wapi?"

Nikamtoa kijiko mkononi, nikakirudisha kabatini. Unanijua, si bure uliniita Kimya.

Wiki iliyopita daktari hakutania. Pale kijiko kilipopita, jino limemeguka kidogo. Akasema likikwanyuliwa tena litaharibika kabisa, kwa hiyo tuamue, mtoto atulie aendelee au avitoe vyote. Nikampigia baba, hapokei, yuko kazini. Kasuku ananitazama tu. Nikaona nikimrudisha navyo nyumbani, atakishika tena kile kijiko. Nikasema, "Vitoe, daktari." Hata sauti sikuijua kama ni yangu.

Akavibana kwa koleo kimoja kimoja, kila kimoja kinalia ka! kama umetafuna kijiwe kwenye wali. Kisha akasaga gundi iliyobaki mpaka meno yakawa laini.

Baba alipojua hakugomba. Bora angegomba. Alisema tu, "Mama yenu aliniomba kitu kimoja," akatoka kukaa kibarazani. Tangu hapo chakula chake tunampelekea hukohuko.

Mama Mkubwa, nilimkosea mama? Wewe umelala naye kitanda kimoja mkiwa watoto. Niambie ukweli hata kama ni mchungu. Na baba mpigie, wewe anakusikiliza.

Jana alimwita Kasuku pale kibarazani. "Fungua mdomo." Akawasha tochi ya simu. Nilidhani anatafuta palipomeguka. Kumbe analitazama lile jino. Akaligusa kwa kidole gumba, polepole.

"Linauma?"

"Haliumi, Baba."

Akazima tochi. Kidole hakukitoa.

Nisalimie Baba Mkubwa, na mapacha, na binamu yangu fundi cherehani. Mungu akupe afya, akuzidishie siku, na mlango wako usipigwe hodi ya msiba.

Wako akupendaye, mtoto wa mdogo wako,
Kimya