Firigisi za Baba Sylvia

Baba Sylvia,

Huku Migosi tuko salama. Kazini narudi nimechoka, kwa hivyo siku hizi napika Jumapili chakula cha wiki nzima. Maharagwe ya Jumatatu, Jumatano nayatia mahindi yanakuwa githeri. Mchuzi wa kuku ukibaki, napikia wali. Sylvia hata hanung'uniki.

Kila nilipopika kuku, firigisi nilikuwekea kwenye friza, maana mama yako alisema ni ya baba wa nyumba, mwanamke haigusi. Ulisema utatoka Doha Krismasi, kisha Pasaka. Jana nilikuta ziko saba. Nilizikaanga na kitunguu, nikazila zote mwenyewe.

Ni tamu, Wechuli. Kumbe ndiyo maana mlitukataza.

Ni mimi,
Nanyama