Kauli Aliyoitengua Baba Mbele ya Kompyuta

Picha ya Ndege,
Kibaha, Pwani.
Jumapili, 15 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Saburi,

Asalaam aleikum. Marahaba, ingawa hujaniamkia. Shikamoo yangu naidai hata ukiwa Lubumbashi.

Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na mtoto je, meno yameshatoka? Sisi huku tunapumua, tunamshukuru Mungu. Mama kapungua mwili lakini anakula akilazimishwa, na presha yake imetulia. Mimi mgongo unanisumbua kwa kukaa ofisini kutwa kucha. Idi imepita. Pilau nilipika kwa ajili ya watoto wa jirani tu, maana sisi wenyewe hatukuionja.

Barua hii nimemkabidhi Hamidu, mtoto wa shangazi Sada wa Dutumi, yule anayeendesha lori la mizigo kuja huko. Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu imetushinda. Kila nikimtaja Baba unakata. Karatasi unaweza kuichana, lakini najua utaisoma kwanza, maana wewe umbea umezaliwa nao.

Siku jirani yetu Mbaraka alipokupigia kukupa habari ya msiba, ulimjibu kwamba huji kwa kuwa Baba alikukataza kukanyaga kaburi lake. Ni kweli alisema, nami nilikuwepo. Uliikata mikorosho ya babu, ukachoma mkaa, ukapata nauli ya kuondokea, na Baba akasimama uwanjani mbele ya watu akasema, nikifa Saburi asikanyage kaburi langu. Kwa ile mikorosho sikutetei, na sitakutetea.

Lakini kuna jambo hulijui. Baba aliitengua ile kauli, Saburi. Nimeona kwa macho yangu mawili. Sasa tulia nikueleze ilivyokuwa, usirukeruke mistari.

Tangu mwishoni mwa mwaka jana miguu yake ilikuwa inavimba. Hospitali walisema ni moyo. Kila Jumamosi nikienda nyumbani Masaki, huku kwetu Kisarawe, ananiuliza, "Mwamvita, mdogo wako siku hizi anaonekanaje?" Namwambia tumpigie umsikie, hataki. Kauli aliitoa akikutazama usoni, na akashikilia kwamba ataitengua akikutazama usoni. Nikamwekea simu yangu mkononi akuone humo, lakini mtoto wa jicho alikuwa ameshamzidi. Kwenye kioo kidogo kile aliona mwanga tu.

Ndipo nikanunua kompyuta kuukuu yenye kioo kipana kwa Brighton, fundi wa kompyuta hapa Maili Moja. Ndani yake Brighton aliweka Linux, mfumo huria, ule wa bure ambao kila mtu anaruhusiwa kuutumia na hata kuufumua akitaka. Baba aliupenda kwa hilo neno bure. Akasema afadhali kimepatikana kitu kimoja duniani kisicho na ushuru.

Tatizo likawa kadi ya mtandao. Masaki kwetu unakujua, simu inashika pale kwenye mkorosho tu, ule mmoja uliotubakizia. Ndani ya nyumba hamna kitu. Kwa hiyo ilibidi simu yangu itundikwe mkoroshoni irushe waifai, na kompyuta ikae barazani kwenye umeme, maana betri yake ilishakufa, iidake kutokea hapo. Na hiyo kadi ya kudakia ikawa haionekani kabisa.

Brighton akasema kadi ni nzima ila mfumo hauna draiva yake, yaani programu inayoufundisha mfumo namna ya kuongea na kadi. Kasheshe ni kwamba draiva iko mtandaoni, na mtandaoni huingii bila draiva! Nilipomsimulia, Baba alicheka mpaka akakohoa. Akasema miaka yote ya ukarani wake wa korosho hajawahi kuona mtu anazungushwa hivyo.

Brighton akaipakua kwenye flashi, nami nikaipeleka Masaki Jumamosi. Baba hakutaka niiguse kibodi. Ujana wake wote alipiga taipu chama cha korosho, na mfumo ule ukitaka kuufanyia kazi ya ndani unauandikia amri kwa herufi. Nikawa nasoma kwenye karatasi ya Brighton, yeye anaandika, pua inagusa kioo. Ilipomtaka neno la siri, akaandika asione herufi hata moja, akadhani kibodi imekufa, akaizaba kofi. Kumbe mfumo ule ndivyo ulivyo, unaficha mpaka nukta. Tulicheka siku ile, mdogo wangu. Sikujua kama tunamalizia.

Draiva ikakataa. Ilikuwa imetengenezwa kwa toleo jingine la mfumo, haikukubaliana na la kwetu. Nikasema nitairudisha kompyuta kwa fundi mwenyewe. Siku ya kazi, katikati ya wiki, narudi kutoka ofisini namkuta Baba amekaa mlangoni kwangu, kompyuta kaipakata kama mtoto mgonjwa. Kaja nayo kwa bodaboda mpaka Kisarawe mjini, halafu Kibaha, na miguu ile! Nilimfokea, Mungu anisamehe, huku namkanda.

Kwa Brighton wakaiunga kompyuta kwenye mtandao kwa waya, draiva ikajengwa upya palepale, na kadi ikaamka. Majina ya waifai ya Maili Moja nzima yakajipanga kwenye kioo. Baba akapiga makofi peke yake dukani mwa watu. Nikamwambia tumpigie Saburi hapahapa. Akakataa katakata. Alitaka aseme nyumbani kwake, kwenye uwanja uleule, Mama akiwepo.

Kufika Masaki, anaiwasha, kadi haipo.

Brighton alinieleza baadaye. Ilipokuwa kwenye waya, kompyuta ilijisasisha yenyewe, ikapata kiini kipya, yaani moyo wenyewe wa mfumo. Draiva ilijengwa kwa kile cha zamani, kwa hiyo ilipozimwa na kuwashwa ikaamkia kwenye kiini kisichoijua. Ni jambo dogo kwa fundi. Kwa Baba halikuwa dogo. Mama anasema aliifunika kompyuta kwa kanga, akalala ameelekea ukutani, na chakula akakirudisha. Alimwambia Mama, "Huenda Mungu hataki niitengue." Ee Saburi, neno hilo limenikaa hapa kifuani mpaka leo.

Jumamosi iliyofuata nikasimama mkoroshoni, simu sikioni na Brighton, napaza sauti, Baba barazani anaandika. Akaiwasha kwa kiini cha zamani, kadi ikaonekana. Nikamwambia basi, tupige sasa hivi. Hakutaka kiraka. Alitaka draiva iwekwe kwa namna ambayo itajijenga yenyewe kila kiini kikibadilika, ili hata yeye akifa Mama aendelee kukuona. Basi tukaanza moja. Ilipokwisha, kadi ikawa inashika dakika mbili inaachia, kumbe imewekwa ijizime ili kuokoa umeme. Baba akaiandikia amri isilale. "Hata wewe unalala kazini!" akaiambia.

Halafu nikasikia ananiita kwa sauti ya ujana wake, ile ya kutuitia chakula. Kwenye kioo kulikuwa na jina moja tu la waifai, la simu yangu. Akauliza, "Kisarawe yote hii ni wewe peke yako?" Nikamwambia ndiyo, Baba, ni mimi peke yangu.

Tukakupigia. Ikaita mpaka ikakata. Tukarudia, ikaita, ikakata. Uliona jina langu ukaacha, nakujua. Lakini picha yako ilitokea pale ikiwa inaita, ile umempakata mtoto. Baba akasogea, akakutazama muda mrefu. Akaniuliza mtoto wa nani. Nikamwambia ni mjukuu wako, Baba. Jina? Nikamwambia anaitwa Mfaume.

Alilia, Saburi. Sijawahi kumwona Baba akilia, hata alipozikwa babu. Alilia mabega yanatikisika, na alikuwa hajui kwamba ulimpa mwanao jina lake. Mimi nilikatazwa na Mama nisimwambie, eti asije akadhani tunamlainisha.

Akamtuma Mama kikombe cha maji. Akaniambia piga tena. Ikaanza kuita, picha ikatokea, naye akaongea nayo kama unavyoongea na mtu. Nakuandikia kama alivyosema: "Saburi bin Mfaume. Kauli niliyoitoa kwenye uwanja huu nimeimeza. Mikorosho ni miti tu. Nikifa, uje. Ukanyage kaburi langu kwa miguu yako, na huyo mwanao umfundishe njia ya kufika."

Kisha akapiga funda la maji akalipuliza, kama wazee wetu wanavyofanya wakitengua kauli. Likakupata usoni wewe na mtoto, likatiririka kwenye kibodi. Kompyuta ikalia tss, ikanuka kuungua, kioo kikazima. Mimi mkia wa mbuzi, nisiye na maana, nikapiga kelele, "Baba, kompyuta!" Akajifuta mdomo akasema, "Acha ife. Nilichoitakia kimekwisha." Akalala usingizi mzuri mchana ule, anakoroma.

Jioni nikakupigia nikuambie. Ukapokea. Nilipofika kwenye neno Baba ukakata. Wiki mbili hazikupita, Mama akamkuta alfajiri amekwenda zake.

Msibani watu walijaa. Stellamaris, nesi wa zahanati, Mnyamwezi mtani wetu, alivaa kofia na miwani ya Baba, akakaa mkekani na ungo mbele yake ndiyo kompyuta, akawa anaudonoa kwa kidole akipiga kelele, "Jamani, nani kala kadi yangu?" Watu walicheka hoi, hata mimi. Halafu akausogelea ungo karibu na pua akauliza, "Saburi, mbona sikuoni?" Kicheko kikakatika. Hakukusudia ubaya, utani ndivyo ulivyo, lakini Mama alianguka pale.

Kisha wanaume wakabeba jeneza, sisi wanawake tukabaki ndani, kama ilivyo desturi. Hapo ndipo akili ilinijia. Baba alizaa wawili. Mmoja hakwenda makaburini kwa kuwa ni mwanamke, mwingine kwa kuwa anaogopa kauli ambayo haipo tena. Aliyeingia kaburini kumpokea ni Mbaraka, jirani. Baba yetu alizikwa kama mtu asiye na mtoto.

Wazee nao wamegawanyika. Baba mkubwa Mwinshehe anasema kauli haijatenguka, kwa kuwa mtoto hakuwepo kupokea maji, na neno likitoka ni kama maji yaliyomwagika, hayazoleki. Mama yuko eda, hatoki, lakini aliwajibu kutoka nyuma ya pazia. Akasema, "Kikombe nilishika mimi. Maji yalimpata mwanangu na mjukuu wangu. Kama hamniamini, niambieni kompyuta iliuawa na nini." Mwisho Baba mkubwa akasema, basi aje mwenyewe nimwone. Anakusubiri, ila hawezi kusema hivyo, unamjua.

Kompyuta nilimpelekea Brighton. Amesema haifufuki. Kwa hiyo hakuna cha kukuonyesha ila neno langu na la Mama, na huu mwandiko wangu wa kuku.

Arobaini ni mwanzoni mwa Julai. Hamidu akishashusha mzigo anarudi, na kiti cha pembeni yake hakina mtu. Nimeshazungumza naye. Njoo peke yako kama mtoto bado mdogo kwa safari, lakini njoo.

Shangazi Sada anakusalimu, na Mbaraka pia, hana kinyongo kwa ulivyomjibu. Stellamaris anasema ukifika atakutoza faini ya utani, ujiandae. Mama anakusalimu kuliko wote. Msalimie wifi yangu, nami sijamwona lakini nampenda, na umbusu Mfaume mdogo kwa niaba yetu.

Mungu akulinde njiani, akufungulie mipaka yote, akupe moyo mwepesi. Ukishuka Kisarawe usianzie nyumbani, hata kama Mama anakulilia. Nenda makaburini kwanza, ukanyage. Kisha uje uniambie kaburi la Baba limekaaje, maana mimi sijaliona.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokukaripia,

Mwamvita Mfaume